Chemutai Amerudi Nyuma Tena

Thorncliffe Park, Toronto
10 Juni 2024

Kwa Senge Rael, shangazi yangu,

Chamgei, Senge. Sisi huku hatujambo. Joto limefika, madirisha yote ya jengo yako wazi, na kuanzia saa sita mchana ngazi zinanukia vyakula vya nyumba ishirini. Mutuma anakusalimu. Bado anashangaa kwa nini siwezi kupiga simu nikamaliza. Nimemwambia msimamo wako haujabadilika: simu ni ya salamu na misiba, maneno yenyewe ni ya karatasi. Yeye ni Mmeru, na hakufundishwa na wewe darasa la kwanza, kwa hiyo namsamehe.

Senge, mtoto wangu ameharibika.

Unajua nilivyokuwa nikijivunia Chemutai. Miezi saba na nusu, anapunga mkono kanisani, anakula malenge, anabebwa na yeyote bila neno. Sasa ni wiki ya pili hataki kuwekwa chini. Malenge anayatema. Mkono wa kupunga umesahaulika. Chooni naenda naye, amekaa mapajani kama karani anayeandika kumbukumbu za kikao.

Kibaya zaidi, akimwona baba yake anapiga mayowe kama ameona mwizi. Mutuma aliamua kwamba ni ndevu. Alizinyoa zote Jumamosi. Alipotoka bafuni mtoto akalia maradufu, kwa sababu sasa alikuwa mgeni kweli. Maskini amekaa na kidevu kitupu na mtoto hamtaki.

Mimi ni muuguzi, najua. Lakini nimeuguza wazee miaka saba, na mzee ukimweka kitini anakaa. Nifanyeje?

Mwanao,
Cherotich


Litein
8 Julai 2024

Cherotich,

Barua yako imefika baada ya wiki tatu na siku mbili. Nimeipa saba kwa kumi. Mbili nimetoa kwa mwandiko na moja kwa neno “ameharibika.” Mtoto si maziwa.

Hapa tuko. Mvua imezidi, ng'ombe wangu Tuiyet amekohoa wiki nzima, na kwaya yetu imegawanyika kwa ajili ya rangi ya sare. Mimi ni upande wa kijani.

Sasa sikiliza. Shida yako niliiona tangu siku ile ya jina, nikanyamaza ili nisionekane mkorofi. Kumbuka mlivyofanya. Mtoto wa Kipsigis anaitiwa majina ya wahenga waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya, na chafya ndiyo kusema “nimekuja.” Kazi hiyo inafanyika nyumbani, wanawake wakiwa wamekaa. Nyinyi mliifanya kwa simu ya jirani yangu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Nilipotaja bibi yetu, Kogo Tabutany, mtoto akapiga chafya, mkashangilia. Cherotich, yule mtoto alikuwa na mafua! Angepiga chafya hata ningetaja jina la chifu.

Tabutany alikuwa mama mpole aliyekaa na kila mtu. Mtoto wako hataki watu. Huyo ni Kogo Tapkigen, mama yake babu yako, ambaye hakumpenda mwanamume yeyote, na aliyemwita hata mumewe “yule.” Amekuja, mkamwita jina la mwingine, lazima akasirike.

Nimekufungia ugoro kidogo kwenye kipande cha gazeti. Mnusishe kwa mbali sana, kwa mbali nimesema, na mtaje Tapkigen mara nne. Yule wa kutoka Meru asicheke.

Senge wako,
Rael Taprandich


Toronto
2 Agosti 2024

Senge mpendwa,

Chamgei. Pole kwa kikohozi cha Tuiyet. Mimi pia ni upande wa kijani.

Barua yako ilifika jana. Nasita kukuambia, lakini Chemutai alishatulia siku nyingi zilizopita, tarehe ishirini na nne Juni, wakati ugoro wako haujaondoka hata posta ya Litein. Aliamka Jumatatu, akala malenge, akamchekea Mutuma, kisha akaanza kutambaa. Hakujaribu kwanza. Alitambaa tu, moja kwa moja mpaka kwenye kabati la sufuria, akalifungua. Sasa nyumba nzima ni yake.

Kuna mama ghorofa ya tisa, Zebunissa, Mwismailia aliyezaliwa Mombasa, Kiswahili chake kinaniaibisha. Yeye alinionya mapema. “Mwanangu,” alisema, “usijihangaishe. Mtoto akikaribia kujua jambo jipya, la zamani humpotea kwanza. Ngoja wiki tatu, nne. Litarudi, na litarudi na mwenzake.” Nilidhani ni maneno ya kunifariji. Nilipomuuliza nesi wa kliniki akasema karibu yale yale, kwa maneno marefu zaidi na kijitabu.

Hata hivyo ulichoagiza nimekifanya, nisije nikaambiwa nilidharau. Nilifungua gazeti lako kwenye meza, mtoto akiwa upande wa pili wa chumba. Nikataja Tapkigen mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili Mutuma akainama kuona ugoro ulivyo. Alipiga chafya sita, Senge. Sita mfululizo, kwa jina la Kogo Tapkigen. Chemutai alicheka mpaka akaanguka kifudifudi.

Sasa sijui ni nani ninayelala naye.

Mwanao,
Cherotich


Litein
30 Agosti 2024

Cherotich,

Nane kwa kumi, kwa sababu ulinichekesha mbele ya mchungaji.

Umesema mtoto alitulia kabla ugoro haujafika. Ugoro niliufunga tarehe nane Julai, lakini niliuwaza siku nyingi kabla ya hapo. Wahenga hawasubiri posta. Huyo mama wa ghorofa ya tisa msalimu, mwambie nami nakubali kwamba wiki tatu zinatosha, hasa ugoro ukiwa njiani.

Mimi nimeona dume la kondoo likirudi nyuma hatua tano. Asiyelijua hudhani limekimbia. Anayelijua huondoka njiani.

Kwaya imechagua zambarau. Siimbi tena mpaka Krismasi.

Rael Taprandich


Toronto
27 Septemba 2024

Senge,

Chamgei. Mutuma yuko salama, kazi yake ya kompyuta anaifanyia mezani nyumbani, ndevu zimerudi. Miti imeanza kugeuka rangi, watu wanaipiga picha.

Leo siwezi kutania. Chemutai amerudi nyuma tena, na safari hii ni vibaya. Alikuwa anasimama kwa kushika kochi. Ameacha. Kutambaa kwenyewe ameacha, anakaa sakafuni na kunyoosha mikono nimbebe. Chakula hataki, anataka kunyonya tu kama mtoto wa wiki mbili. Nikitoka nje ya macho yake analia mpaka anatapika.

Narudi kazini tarehe sita Januari. Tulimpeleka kwenye kituo cha watoto kujaribu asubuhi moja. Baada ya saa tatu wakanipigia simu. Nilimkuta amelala kwa uchovu wa kulia, viatu vyangu vya zamani amevikumbatia kifuani, vile nilivyokuwa nimevisahau kwenye mfuko wake. Nililia kwenye basi, Senge, mbele ya watu. Mama Zebunissa anasema wiki tatu, nne. Lakini yeye hana zamu ya saa kumi na mbili mfululizo wodini.

Nimewaza hivi. Bosibori wa kanisani kwetu anasafiri kuja Kenya tarehe kumi na nne Desemba. Yuko tayari kuja na Chemutai, na sisi tumeandaa karatasi za ruhusa. Nataka nikuletee akae kwako mpaka atulie. Miezi michache tu. Wengi huku wanafanya hivyo. Na wewe ndiye uliyenilea mimi, nikakua, sikuharibika. Mama alinitoa kwa sababu hakunitaka. Mimi namtoa kwa sababu nimeshindwa. Si kitu kimoja, au siyo?

Niambie ndiyo. Najua utasema ndiyo.

Cherotich


Litein
21 Oktoba 2024

Cherotich,

Barua imefika.

Huku tunaendelea. Tuiyet amepona kikohozi lakini sasa hataki kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa mimi, na mimi goti langu la kushoto halitaki kukunja. Bati la jikoni limetoboka tena pale pale. Kituo cha majani ya chai kimebadilisha karani, huyu mpya anapima kwa haraka mno na hasalimii wazee. Sare za zambarau zimefika, ni fupi. Nilijua zitakuwa fupi. Mwenyekiti wa kwaya amekuja kuniomba nirudi, nikampa chai na sikumpa jibu.

Nimepanda sukuma wiki upande wa choo. Inaota vizuri.

Jirani amepata mjukuu, mvulana, mnono. Alipiga chafya kwa jina la kwanza kabisa, bila ugoro. Wengine wana bahati.

Hilo jambo lako nitaliandikia.

Rael Taprandich


Toronto
11 Novemba 2024

Senge,

Chamgei, na pole kwa goti.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu. Nimekuta ng'ombe, bati, karani na sukuma. Nimeipa mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za sukuma.

Wewe hujawahi kunikwepa. Nilipotaka kuolewa Umeruni uliniambia ulichofikiri kabla sijakaa. Sasa nakuomba jambo moja unaniletea habari za sare. Kama ni goti, sema, tutatafuta msichana wa kukusaidia. Kama umechoka, sema.

Sanduku la Chemutai nimeshalipanga. Nimeweka sweta tatu, asubuhi za Litein nazikumbuka. Jana alikaa ndani ya sanduku lile akacheza na zipu kwa nusu saa, mara ya kwanza wiki hii kucheza bila mimi kumshika. Nilisimama mlangoni nikashindwa kujua kama nicheke.

Tarehe kumi na nne Desemba, Senge. Piga hata simu. Neno moja tu.

Cherotich


Litein
27 Novemba 2024

Cherotich mwanangu,

Hii nimeipeleka kwa watu wa vifurushi vya haraka, na wameniahidi siku sita. Kijana wao aliniuliza ndani kuna nini. Nikamwambia ni deni la miaka thelathini na mitano, akaandika “nyaraka.”

Simu nimeiogopa. Ningesema hapana, ungeuliza kwa nini, nami ningedanganya tena. Kwa simu nadanganya vizuri sana. Kwa kalamu mkono unanikataa, ndiyo maana mwezi uliopita nilikuandikia sukuma.

Mama yako hakukutoa.

Ulikuwa na miezi kumi na moja. Ulikuwa umeacha kutambaa, umeacha kula, unamng'ang'ania mchana kutwa. Likizo yake ya ualimu kule Nakuru ilikuwa imekwisha na baba yako yuko jeshini. Alikuleta siku ya Jumamosi, amechoka, macho mekundu. Alisema, “Rael, wiki tatu tu, atulie.” Alipoondoka alirudi mara mbili kutoka barabarani kukubusu. Mara ya tatu nilifunga lango.

Ulilia siku nne. Siku ya tano ukashika mguu wa meza ya redio, ukasimama, ukaniangalia, ukatembea hatua tatu mpaka kwenye magoti yangu. Ulikuwa hujaharibika hata kidogo. Ulikuwa umebakiza siku tano.

Cherotich, nilikuwa nimeolewa miaka kumi na moja na sikuwa na mtoto. Hakuna aliyewahi kuja kwangu kwa miguu yake mwenyewe namna ile.

Mama yako akaandika, “Ametulia? Nije?” Nikamjibu, “Bado. Ukija sasa ataanza upya. Subiri kidogo.” Akaandika tena, nikajibu vile vile. Barua kumi na moja kwa mwaka mmoja. Mwishowe alikuja bila kuandika. Ulijificha nyuma ya sketi yangu ukalia, ukanishika mguu. Siku hiyo sikuhitaji kudanganya, kazi ulinifanyia wewe. Mama yako alikunywa chai, akarudi Nakuru. Baada ya hapo akawa mtu wa likizo, na wewe ukawa unamwita “Mama wa Nakuru,” na mpaka unaenda bwenini nilikuacha uamini kwamba hakukutaka. Barua zake zote kumi na moja ziko ndani ya bahasha hii. Zote nilizitunza. Mwizi mwenye akili angezichoma.

Ulisema nitasema ndiyo. Ungejua nilivyolitamka hilo neno peke yangu jikoni. Hata kitanda nilikitoa darini nikakipangusa. Kwa hiyo usimlete. Si kwamba simtaki. Namtaka mno, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Goti halina neno.

Mtoto wako amerudi nyuma apate kuruka. Ukimleta huku, hatua ya kwanza nitaiona mimi, na najijua, nitakuandikia “bado.” Moja nimeshaiiba. Ya pili siitaki.

Na jina lake ni Tabutany. Tangu mwanzo lilikuwa sawa. Tapkigen nilimleta tu ili nipate sababu ya kukuandikia tena.

Senge wako, kama bado,
Rael Taprandich


Toronto
9 Februari 2025

Senge,

Chamgei. Theluji imefika madirishani, lifti moja imekufa, sisi ni wazima.

Nimekaa miezi miwili bila kukuandikia, na haikuwa posta. Nilikasirika mpaka nikashindwa kutafuta kalamu. Mutuma alisoma barua yako akaiweka mezani polepole kama yai, kisha akampigia Bosibori kumwambia mtoto hasafiri, aongeze mizigo yake. Bosibori alikuja huko na blanketi nne mahali pa mwanangu.

Barua yako nimeipa kumi kwa kumi kwa ukweli, na sifuri kwa kuchelewa. Jumlisha mwenyewe, mwalimu ni wewe.

Chemutai alitembea tarehe tisa Desemba. Alikuwa nje ya mlango wetu, amemshika Mama Zebunissa kidole. Akakiachia, akaja kwangu hatua nne, akakaa chini kwa kishindo na kujipigia makofi. Nilimhesabia kwa sauti. Jirani wa mkabala akafungua mlango kuona kuna nini, naye akapiga makofi. Kituoni alilia siku tisa za kwanza. Siku ya kumi nilipokwenda kumchukua alilia hataki kuondoka. Mama Zebunissa amenionya nijiandae, kuna safari nyingine ya kurudi nyuma mwezi wa nne.

Nilimpigia mama simu Nakuru. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilimsomea barua yako yote, neno kwa neno, hata “mwizi mwenye akili.” Sikusikia akikutukana. Aliuliza kitu kimoja tu: “Ulitembea siku gani?” Nikamwambia, siku ya tano. Akahesabu. Nilimsikia akihesabu. Akasema, “Basi ilikuwa Jumatano. Siku hiyo nilikuwa nafundisha kujumlisha.” Kisha akalia, nami nikalia, na Chemutai akatulia kabisa kutusikiliza, ndiye peke yake aliyekuwa na adabu.

Mama anakuja huku Julai. Fomu zako za viza nimezitia humu ndani. Zijaze kwa mwandiko wako mzuri. Chumba cha wageni ni kimoja na kitanda ni kimoja, mtapanga wenyewe nani alale ukutani. Sijakusamehe. Nikikusamehe utajua, nitaacha kukupa alama.

Jambo la mwisho, halafu nifunge. Jana Mutuma alikuwa akipanga barua zako, zile bahasha bado zina vumbi la ugoro. Akasoma jina nyuma ya moja kwa sauti, “Rael Taprandich,” na Chemutai, aliyekuwa amesimama hapo hapo na pua yake mezani, akapiga chafya kubwa kuliko zote alizowahi kupiga.

Mutuma akashangilia. Akasema basi, jina la kweli limepatikana.

Nikamwambia haiwezekani. Huyo bado yuko hai, na bado nina kesi naye.

Mwanao,
Cherotich